UZI: Timu ya NFL ikimchukua nyota inamlipia mara mbili, sisi mashabiki tunahesabu mara moja

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam nyingi.

Kila Machi soko la NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, likifunguliwa tunabishana vilevile: timu fulani imepigwa, mchezaji fulani kavuta milioni mia mbili, meneja yule afukuzwe leo. Hasira nyingi, hesabu kidogo. Mimi upande huu wa mikataba naufuatilia kuliko hata mechi zenyewe, na kuna jambo ambalo naona linapitwa haraka kila mwaka.

Kwa waliozoea soka: huku hakuna ada ya uhamisho. Timu A haiipi timu B hundi ili ipewe mchezaji. Zinabadilishana wachezaji, au zinapeana nafasi za drafti, yaani haki ya kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Mkataba wa mchezaji unahama naye. Na kila timu kati ya 32 inabanwa na ukomo mmoja wa mishahara. Mwaka 2025 ukomo ulikuwa dola milioni 279.2. Hata mmiliki awe tajiri namna gani, hauvuki.

Sasa nyota anayehamishwa mara nyingi ni yule aliyekwama na klabu yake kwenye mazungumzo ya mkataba. Akifika kwingine anataka mkataba mpya, na anaupata, kwa sababu klabu iliyokwishatoa nafasi mbili za raundi ya kwanza ya drafti, zile za thamani kubwa zaidi, haiwezi tena kumwambia "hatukubaliani, nenda". Hapo ndipo malipo yanapokuwa mawili: unamlipa muuzaji kwa nafasi za drafti, halafu unamlipa mchezaji kwa pesa zinazokula ukomo wako. Ukiyapima tofauti, dili inaonekana ya kawaida. Ukiyajumlisha, unaona kwa nini timu fulani ilikaa miaka mitatu bila kupumua.

Mfano uliokamilika ni Russell Wilson, kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Machi 2022 Denver Broncos waliwapa Seattle Seahawks nafasi mbili za raundi ya kwanza, mbili za raundi ya pili, moja ya raundi ya tano, na wachezaji watatu: Drew Lock, Noah Fant na Shelby Harris. Wakapata Wilson na nafasi moja ya raundi ya nne. Hayo ni malipo ya kwanza. Septemba mwaka huohuo, kabla Wilson hajawachezea mechi hata moja ya ligi, wakampa nyongeza ya miaka mitano yenye thamani ya karibu dola milioni 245. Hayo ni ya pili, na ndiyo yaliyowaumiza. Alikuwa bado na miaka miwili kwenye mkataba wake wa zamani! Hakuna aliyekuwa amewashikia kisu. Wangeweza kumtazama msimu mzima kwanza.

Machi 2024 wakamwacha. Bonasi na mishahara waliyokuwa wamemhakikishia iliacha mzigo wa dola milioni 85 kwenye hesabu zao: takriban milioni 53 mwaka 2024 na milioni 32 mwaka 2025. Ukomo wa 2024 ulikuwa milioni 255.4, kwa hiyo zaidi ya moja ya tano ya pesa yote ya kikosi ilikwenda kwa mtu aliyekuwa anachezea Pittsburgh kwa mshahara wa chini kabisa wa mkongwe. Seattle kwa nafasi zile walipata, miongoni mwa wengine, Charles Cross anayelinda upande wa kushoto wa kwotabeki, na Devon Witherspoon, mmoja wa walinzi bora wa ligi dhidi ya wapokeaji wa pasi.

Karibuni tujadili. Nitajibu kadiri nitakavyoweza.

#2 Nahodha wa Jahazi

Mkuu asante, ila mimi ni mgeni huku, nimeanza kutazama baada ya Super Bowl (fainali ya ligi) ile ya Chiefs na Eagles. Nina maswali mawili. Kwanza, huo ukomo unafanyaje kazi kama timu nyingine kila mwaka zinasajili majina makubwa na bado zinasema "tumebanwa"? Pili, hayo ya milioni 85 za mtu aliyeondoka sijayaelewa. Akiondoka, si mshahara wake umeondoka naye?

#3 Mleta uzi

Mkuu, maswali mazuri, na la pili ndilo ufunguo wa kila kitu.

Chukua mkataba wa kufikirika: miaka mitano, milioni 100. Ndani yake kuna bonasi ya kusaini milioni 40. Mchezaji anaipata bonasi hiyo mapema, iko benki. Lakini kwenye vitabu vya ukomo klabu inaruhusiwa kuitawanya kwa miaka isiyozidi mitano, kwa hiyo inahesabiwa milioni 8 kila mwaka. Mwaka wa kwanza mshahara wa kawaida unaweza kuwa milioni 2 tu. Mchezaji kapokea milioni 42, ukomo umeliwa milioni 10. Hapo ndipo yale majina makubwa yanapopatikana.

Sasa mwache baada ya miaka miwili. Milioni 16 za bonasi zimeshahesabiwa. Milioni 24 zilizobaki hazina pa kujificha: zinaanguka zote kwenye mwaka huo. Hiyo ndiyo pesa mfu. Ukimwacha kwa utaratibu wa baada ya Juni 1 unaigawa: milioni 8 mwaka huu, 16 mwaka ujao. Na ukimuuza badala ya kumwacha, bonasi uliyokwishalipa inabaki kwako vilevile, mnunuzi anachukua mishahara ya mbele tu. Ndiyo maana Seattle, pamoja na kusifiwa kwote, walibeba milioni 26 za pesa mfu mwaka 2022 kwa kumuuza Wilson. Anayeuza naye hulipa, watu husahau.

Halafu kuna kupanga upya. Mchezaji ana mshahara wa milioni 20 mwaka huu na amebakiwa na miaka minne. Klabu inageuza milioni 18 kuwa bonasi, inazitawanya milioni 4.5 kwa mwaka. Mwaka huu anahesabiwa milioni 6.5 badala ya 20, nafasi ya milioni 13.5 imepatikana siku hiyohiyo. Mchezaji hajapoteza senti. Ukisoma kichwa cha habari kwamba fulani "amekubali kuisaidia timu", mara nyingi ni hili. Kaletewa hundi mapema. Na klabu nyingine zinaongeza miaka ya bandia mwishoni mwa mkataba, miaka ambayo kila mtu anajua haitachezwa, ili tu bonasi ipate mahali pa kutawanywa. Philadelphia Eagles wanaifanya kazi hii kwa ustadi mkubwa.

Kwa hiyo ukomo upo na unabana kweli. Unachoweza ni kuchagua mwaka upi utakubana.

#4 Mtaa wa Saba

Mkuu unatupigia hesabu nzuri lakini mwisho wa siku watu wanacheza kutafuta kombe. Los Angeles Rams waligawa nafasi za raundi ya kwanza kama njugu, wakamchukua kwotabeki Matthew Stafford, wakabeba Super Bowl mwaka huohuo. Tangu walipomchagua kwotabeki Jared Goff 2016 hawakuchagua tena mtu raundi ya kwanza mpaka Jared Verse 2024. Sasa hao walipigwa? Mimi nafasi za drafti naziona kama tiketi za bahati nasibu tu. Nipe nyota aliyekwisha kujulikana.

#5 Mleta uzi

Mkuu, hawakupigwa hata kidogo. Na dili ya Stafford inaeleza hoja yangu kuliko ya Wilson.

Rams mwaka 2021 waliwapa Detroit Lions nafasi za raundi ya kwanza za 2022 na 2023, nafasi ya raundi ya tatu ya 2021, pamoja na Goff. Wengi walishangaa: nafasi mbili za raundi ya kwanza kwa kwotabeki aliyekuwa hajawahi kushinda mechi ya mchujo, ile mitoano ya mwisho wa msimu? Lakini tazama malipo ya pili. Stafford alikuja na miaka miwili ya mkataba wa zamani, na msimu wa 2021 alikuwa analipwa takriban milioni 20, bei ndogo sana kwa kwotabeki wa daraja lake. Rams hawakukimbilia kumwongeza. Walicheza msimu kwanza, wakawafunga Bengals 23 kwa 20 kwenye Super Bowl ya Februari 2022, ndipo Machi wakampa mkataba mpya wa milioni 160. Linganisha na Denver waliosaini kabla ya mechi ya kwanza.

Pia sehemu ya zile nafasi mbili haikuwa bei ya Stafford. Ilikuwa bei ya kumtoa Goff, ambaye mkataba wake mnono Rams walishauchoka. Kwenye ligi hii mkataba mbaya unalipiwa ili uondoke. Ushahidi wa wazi kabisa ni kwotabeki Brock Osweiler. Houston Texans walimpa miaka minne ya milioni 72 mwaka 2016, mwaka mmoja baadaye hawakumtaka. Machi 2017 wakampeleka Cleveland Browns pamoja na nafasi ya raundi ya pili ya 2018, ili tu Browns wabebe milioni 16 zilizohakikishwa. Browns hawakumhitaji, walimwacha kabla msimu haujaanza. Walichokuwa wanauza ni nafasi iliyobaki wazi kwenye ukomo wao. Na ile nafasi ya raundi ya pili ikawa ya 35 kwenye drafti ya 2018, wakamchagua Nick Chubb. Mkimbiaji (anayekimbia na mpira) wa kiwango kile kwa sababu tu ulikubali kumlipa mtu asiyecheza!

Nao Lions? Goff waliyepewa kama mzigo alifufuka. Nafasi za Rams waliziuza na kuzizungusha, kutokana nazo wakawapata Jameson Williams, Jahmyr Gibbs na Sam LaPorta. Januari 2024 walishinda mechi ya mchujo kwa mara ya kwanza baada ya miaka 32, na waliowafunga ni Rams haohao wakiwa na Stafford, 24 kwa 23. Pande zote mbili zilipata zilichotaka. Tunapenda kutafuta mshindi mmoja wa dili kwa sababu mechi ina mshindi mmoja. Soko halihitaji hivyo.

Kuhusu tiketi: ni kweli nyingi hazishindi. Lakini bei yake ndiyo inayonivutia. Kabla ya 2011 vijana wa juu walikuwa wanalipwa kama wafalme. Sam Bradford, wa kwanza mwaka 2010, alipewa miaka sita ya milioni 78, milioni 50 zikiwa zimehakikishwa. Mwaka mmoja baadaye, chini ya makubaliano mapya kati ya ligi na chama cha wachezaji, Cam Newton, naye wa kwanza, alipata miaka minne ya milioni 22. Tangu hapo nafasi ya raundi ya kwanza ni miaka minne ya kazi kwa bei iliyopangwa, na klabu ina hiari ya mwaka wa tano. Ukimpata kwotabeki mzuri kwa bei hiyo, una zaidi ya milioni 30 kwa mwaka za kununua wengine. Ukiitoa nafasi hiyo unatoa pia nafuu hiyo.

#6 Bonde la Mississippi

Nimeona uzi huu umechangamka nikasema niingie. Mimi naishi Minneapolis mwaka wa kumi na kitu sasa, na hapa ukitaja biashara ya wachezaji mbele ya wazee wa Minnesota Vikings, timu ya hapa, jina ni moja tu: mkimbiaji Herschel Walker, waliyemchukua kutoka Dallas Oktoba 1989. Mzee mmoja ninayefanya naye kazi bado linampandisha presha. Mleta uzi, je, ile nayo unaipima kwa kanuni yako? Wakati ule hakukuwa na ukomo wa mishahara.

#7 Mleta uzi

Mkuu umeleta mama wa dili zote. Mfikishie mzee wako pole zangu.

Kweli, ukomo ulianza 1994, ukiwa milioni 34.6 tu. Kwa hiyo hesabu ya malipo ya pili haikuwa kali vile. Kilichowaua Vikings ni kutosoma masharti. Dallas Cowboys walikuwa timu mbovu, msimu ule walimaliza na ushindi 1 na vipigo 15, na Walker ndiye alikuwa mali yao pekee. Vikings waliwapa wachezaji watano pamoja na nafasi za drafti, na nafasi nyingi kati ya hizo zilifungwa kwa wale wachezaji: Dallas wakimwacha mchezaji fulani kabla ya tarehe iliyowekwa, wanapata nafasi iliyoambatanishwa naye. Minnesota waliamini kwamba Dallas wanawataka wachezaji. Kocha Jimmy Johnson alizitaka nafasi tangu mwanzo.

Walker hakufikisha yadi 1,000 za kukimbia katika msimu wowote pale Minnesota, na baada ya msimu wa 1991 wakamwacha. Dallas wakaitumia nafasi ya raundi ya kwanza ya Vikings ya 1990 kupanda (yaani kuibadilisha kwa nafasi ya juu zaidi) mpaka ya 17 na kumchagua mkimbiaji Emmitt Smith. Darren Woodson akaja 1992 kwa njia hiyohiyo. Wakabeba Super Bowl tatu ndani ya misimu minne.

Kutoka Dallas ile ndiko lilikotoka jedwali la thamani ya nafasi za drafti ambalo ligi nzima ililitumia miaka mingi: nafasi ya kwanza pointi 3,000, ya pili 2,600, ya 16 pointi 1,000, ya 32 pointi 590. Zuri kwa kuharakisha mazungumzo ya simu, lakini lilitengenezwa kwa kuangalia mameneja walikuwa wanabadilishanaje, si kwa kupima vijana hao walicheza vipi baadaye. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler walipolinganisha bei hizo na mchezo halisi pamoja na mishahara, waligundua kwamba timu zinazilipia nafasi za juu kabisa kupita thamani yake. Sababu wanayoitaja ni kujiamini kupita kiasi: kila meneja anaamini jicho lake linaona zaidi ya la jirani. Hata sasa, kwa jedwali lolote jipya, kumpandia kijana mmoja kwa kutoa watatu ni kamari ambayo mnunuzi hupoteza mara nyingi. Isipokuwa kwotabeki, hapo nakubali mtu ajaribu.

Na kuna kosa jingine: nafasi ya mwaka ujao wanaihesabu kama pungufu ya raundi moja. Nafasi ya raundi ya pili ya mwakani wanaiuza kama ya raundi ya tatu ya leo. Kwa meneja anayeogopa kufukuzwa Desemba inaeleweka, maana mwakani huenda asiwepo. Klabu yenyewe itakuwepo.

#8 Kereng'ende

Habari zenu. Nimesoma uzi wote na nashukuru kwa elimu, ila kuna harufu siipendi: mchezaji anaonekana kama gharama. Huyu ni mtu anayevunjwa magoti kila Jumapili. Kwenye mpira wa kikapu na besiboli mkataba ukisainiwa umesainiwa. NFL unaandikiwa milioni 100 halafu unaachwa na theluthi yake. Wakipata mmoja aliyehakikishiwa pesa zote wanamwita mlafi. Mimi nadhani walafi ni wengine.

#9 Mleta uzi

Dada (kama si dada unisamehe), hapo uko sahihi na nilipaswa kuanza na hilo.

Jumla ya mkataba inayotangazwa ni namba ya wakala. Mimi siku ya kwanza natafuta pesa iliyohakikishwa wakati wa kusaini, basi. Kuna iliyohakikishwa dhidi ya majeraha tu, kuna inayohakikishwa ikiwa mchezaji yuko kikosini tarehe fulani ya Machi, na kuna iliyohakikishwa kikamilifu. Hiyo ya mwisho ndiyo pesa yake. Nyingine ni ahadi ambayo klabu inaweza kuifuta.

Kisingizio cha wamiliki ni kanuni ya zamani inayowataka waweke kando pesa walizohakikisha za miaka ya mbele. Ilikuwa na maana zama ambazo klabu ingeweza kufilisika. Leo, na mikataba ya televisheni ilivyo, imebaki kuwa ngao ya mezani. Kwotabeki Kirk Cousins aliivunja 2018 kwa miaka mitatu ya milioni 84 yote ikiwa imehakikishwa pale Minnesota, na hakuna aliyefilisika.

Tatizo ni kwamba aliyefuata kwa ukubwa alikuwa kwotabeki Deshaun Watson, na hapo wamiliki wakapata hoja ya kuwapigia wengine. Machi 2022 Browns waliwapa Texans nafasi tatu za raundi ya kwanza na nyingine za chini, kisha wakampa Watson miaka mitano ya milioni 230, kila senti imehakikishwa. Wakati huo alikuwa anakabiliwa na tuhuma za wanawake zaidi ya 20 kuhusu mwenendo mbaya wa kingono. Ligi ikamfungia mechi 11 na kumtoza faini ya milioni 5. Mshahara wake wa mwaka wa kwanza ulipangwa kuwa mdogo, takriban milioni 1, na mshahara wa kila mechi aliyokosa ndio uliokatwa, kwa hiyo kifungo hakikumgusa sana mfukoni. Lile mimi linanikera mpaka leo. Kisha akaumia bega mwaka 2023, kisha kano ya kisigino Oktoba 2024. Mwaka 2025 mmiliki Jimmy Haslam alikiri hadharani kwamba walikosea.

Texans walitumia moja ya nafasi zile kupanda na kumchagua Will Anderson Jr., na Januari 2024 waliwakuta Browns kwenye mchujo wakawafunga 45 kwa 14. Watson alikuwa nje, ameumia.

Lakini kosa la Browns si kuhakikisha pesa. Ni kumhakikishia mtu yule, kwa muda ule, baada ya kutoa nafasi zile. Lamar Jackson, kwotabeki wa Baltimore Ravens aliyejisimamia bila wakala, alitaka mkataba wa aina hiyo na hakuupata. Alisaini 2023 kwa miaka mitano, milioni 260, milioni 185 zikiwa zimehakikishwa. Yeye hakuwa na tuhuma za aina ile, akalipishwa kosa la klabu nyingine.

#10 Mtaa wa Saba

Sawa mkuu, nimekubali nusu. Lakini sasa uzi unaelekea kusema anayeuza hushinda siku zote. Chiefs walimuuza mpokeaji wao Tyreek Hill wakabeba kombe mara mbili. Seattle, Houston, Detroit, wote wauzaji. Basi kila timu iuze nyota wake?

#11 Mleta uzi

Hapana mkuu, na mfano wa kukanusha ni Khalil Mack, mlinzi ambaye kazi yake ni kumkimbiza kwotabeki. Septemba 2018 Raiders walimpeleka Chicago Bears, wakapata nafasi mbili za raundi ya kwanza na nyingine, huku wakirudisha moja ya raundi ya pili. Bears wakampa miaka sita, milioni 141. Bears hawakushinda mechi yoyote ya mchujo wakiwa naye, na 2022 walimuuza kwa nafasi ya raundi ya pili na ya sita wakabaki na pesa mfu ya milioni 24. Unasema Raiders walishinda? Nafasi ya 2019 ilimleta Josh Jacobs, mkimbiaji mzuri sana. Ya 2020 ilimleta Damon Arnette, aliyeachwa ndani ya msimu wake wa pili. Timu zote mbili zilipoteza. Muuzaji anauza uhakika na kupokea nafasi ya kubahatisha, na asipojua kuchagua vijana hana alichopata.

Chiefs walikuwa na kitu ambacho Raiders hawakuwa nacho: kwotabeki Patrick Mahomes kwenye mkataba wa miaka kumi. Walipomuuza Hill kwa nafasi tano walijua aliyebaki anaweza kuwafanya wapokeaji wa kawaida waonekane wakubwa. Wakapanda kumchukua Trent McDuffie, wakaimarisha ulinzi. Hill naye pale Miami alicheza vizuri kweli, yadi 1,710 mwaka 2022 na 1,799 mwaka 2023. Dolphins hawakumkosea kumpima kama mchezaji. Lakini mkataba wake wa wastani wa milioni 30 kwa mwaka ulikaa juu ya kikosi kilichokosa vitu vingine, na Januari 2024 walitolewa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri pale Arrowhead, uwanja wa Chiefs, na Chiefs haohao, 26 kwa 7.

Na pesa yote hii tuipime kwa asilimia ya ukomo, maana dola zenyewe zinatudanganya. Mahomes aliposaini 2020 kwa wastani wa milioni 45, ukomo ulikuwa 198.2: karibu asilimia 23. Milioni 45 hizohizo mwaka 2025 ni asilimia 16. Dak Prescott, kwotabeki wa Dallas, alipopewa milioni 60 kwa mwaka 2024 watu walipiga kelele, lakini kwa asilimia, 23.5, yuko karibu palepale alipokuwa Mahomes siku aliyosaini. Kinachotofautiana ni urefu: Chiefs walifunga miaka kumi, na ukomo ulipopanda, bei yao kwa asilimia ikashuka. Kupanda huko si kwa lazima. Mwaka 2021, baada ya msimu wa korona na viwanja vitupu, ukomo ulishuka mpaka 182.5, na waliokuwa wamesukuma bonasi mbele waliumia vibaya.

#12 Nahodha wa Jahazi

Nimeelewa sasa kuliko nilivyotarajia. La mwisho: Micah Parsons, mlinzi kama Mack. Dallas walimuuza Green Bay Agosti 2025. Nani kapigwa?

#13 Mleta uzi

Malipo ya kwanza: nafasi za raundi ya kwanza za 2026 na 2027, na mlinzi Kenny Clark. Ya pili: miaka minne, milioni 188, huku milioni 120 zikiwa zimehakikishwa wakati wa kusaini. Wastani wa milioni 47 ni karibu asilimia 17 ya ukomo wa 2025. Mack mwaka 2018 alikuwa asilimia 13. Kwa hiyo Packers wamelipa zaidi ya Bears kwa mlinzi wa kazi ileile, ila kwa mtu wa miaka 26 anayeanza kilele chake. Mimi ningelipa. Kisha Desemba 14, 2025, kule Denver, akakatika kano ya goti.

Jeraha halifanyi uamuzi wa Agosti kuwa mbaya, lakini pesa imeshahakikishwa, na sasa tutaona walivyoipanga. Kitu cha kwanza cha kutazama ni kama Packers watageuza mishahara yake kuwa bonasi ili kupata nafuu ya mwaka mmoja. Wakifanya hivyo mara mbili, hawataweza kuachana naye mpaka mwisho wa mkataba, goti lirudi au lisirudi.

Kwa Dallas swali ni rahisi zaidi na nalikasirikia zaidi: Parsons alikuwa wao, walimchagua wenyewe nafasi ya 12 mwaka 2021, na wangeweza kumpa mkataba mwaka mmoja kabla kwa bei ndogo zaidi. Walichelewa, bei ikapanda, mazungumzo yakaharibika. Nafasi mbili za raundi ya kwanza kutoka kwa timu nzuri kwa kawaida huangukia mwisho wa raundi. Kwa jedwali lile la zamani, mbili za namna hiyo hazifiki hata pointi za nafasi moja ya tano bora. Mtu akiniambia hii ni Herschel Walker ya pili, namuuliza Emmitt Smith atatoka nafasi ya ngapi.

Mwenye hesabu za mkataba wa Clark atuwekee hapa, tuzijumlishe kwenye upande wa Dallas.